Kusitiri na Kuficha

Lugha yetu ina maneno mawili yanayokaa karibu mno hata mtu huweza kuyachanganya: kusitiri na kuficha. Kusitiri ni wema. Anayemsitiri mwenzake husifiwa, na huombewa kwamba Mungu naye amsitiri. Kuficha kuna sura nyingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, kwa macho ya nje tendo ni moja: kuna kitu, na kuna pazia juu yake. Je, ni lini pazia hilo huwa wema, na ni lini huwa dhuluma?

Swali hili lilinijia kwa nguvu ndani ya banda la ndege huko Wisconsin, Marekani, nilipokuwa nikimsaidia rafiki mmoja, mzee mstaafu, kutafuta hitilafu katika ndege aliyoiunda kwa mikono yake. Yamkini msomaji atashangaa kwamba mtu huruhusiwa kujiundia ndege. Naam, huruhusiwa. Chama cha waundaji hawa kilianzishwa Milwaukee mwaka 1953, na tangu 1970 mkutano wao mkuu hufanyika Oshkosh, katika jimbo hilo hilo. Sheria ya Marekani hudai kwamba sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Muundaji aweza kupewa cheti cha kuikagua ndege yake mwenyewe kila mwaka. Hivyo mtu mmoja huwa fundi, mkaguzi na rubani. Sheria yaijua hatari iliyomo, ndiyo maana hutaka ndani pabandikwe tangazo la kumwarifu abiria kwamba chombo hiki hakikuundwa kwa kufuata kanuni za usalama za ndege za kawaida.

Mzee alikuwa ameondoa betri yake ya zamani, ile ya risasi na asidi, akaweka ya lithiamu. Sababu ilikuwa uzito. Ya zamani ilikaribia kilo 7. Mpya haikuzidi kilo 2. Kwa ndege ndogo hiyo ni nafuu kubwa, ingawa yataka hesabu ya mizani ifanywe upya, kwani betri ilikaa mbele karibu na injini, na pua ikipungua uzito, kitovu cha uzito husogea nyuma. Hesabu hiyo aliifanya vizuri. Betri yenyewe ilikuwa ya lithiamu na fosfati ya chuma, aina iliyo tulivu kuliko nyingine za jamii yake: seli 4 zilizofuatana, kila moja ya volti 3.2 au 3.3, na ndani yake saketi ndogo ya ulinzi inayoikata betri isitoe wala kupokea umeme mambo yakizidi kiasi.

Injini iliwaka upesi kuliko zamani. Lakini baada ya dakika kadhaa taa ziliruka, redio ikazimika na kuwaka tena. Betri ilikuwa imejikata. Kipimo cha mbele ya rubani kilikuwa kikionyesha volti 14.2, kiasi kisicho na lawama. Kila tulipojaribu, kisa kilikuwa kile kile.

Mzee alikuwa amemwahidi mjukuu wake kumrusha Jumamosi ya wiki ile. Akasema kwa utulivu kwamba jambo jepesi ni kuirudisha betri ya zamani. Kwayo ameruka miaka mingi na taa hazikuruka hata siku moja. Betri mpya ndiyo iliyoleta fitina. Iondoke, amani irudi. Sikuweza kusema kwamba alikuwa akinena upuuzi. Nani asiyependa amani?

Tukakubaliana kupima kwanza. Nikashika mita juu ya vichwa vya betri wakati injini ikiwaka, nikikaa mbali na propela, naye akinisomea kipimo chake. Chake kilisema 14.2. Changu kilisema 15.2. Volti moja nzima ilikuwa ikipotea njiani. Tulipozima na kufuata waya mmoja baada ya mwingine, tuliikuta mahali waya mkuu unapoungana na swichi za mbele: ncha yake ilikuwa imeshika kutu ya kijani, nayo ilikuwa na joto ukiigusa. Kidhibiti cha alteneta kilisoma umeme baada ya muungano huo mbovu. Kikadhani volti hazitoshi, kikaiamuru alteneta iongeze. Na kipimo cha rubani kilichukua habari zake mahali pale pale, kwa hiyo kilitoa ushahidi wa uongo bila kukusudia.

Hitilafu hiyo haikuletwa na betri mpya. Betri ya risasi ikichajiwa kupita kiasi hustahimili. Maji yake hugeuka gesi, hukauka polepole, umri wake hupungua, lakini haipigi kelele. Huyameza makosa ya wenzake kama mama mwenye nyumba anayelipa madeni ya wanawe kimyakimya, jirani wasijue. Betri mpya haina subira hiyo. Ilipozidiwa ilifunga mlango, ikamwacha alteneta peke yake, na ugonjwa wa nyumba nzima ukaonekana barabarani.

Hapo niliona tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Wakati mzee hajui, uvumilivu wa betri ile ulikuwa bahati tu, hauwezi kulaumiwa wala kusifiwa. Lakini kama angeirudisha baada ya kuona taa zikiruka, betri ile ile, katika ndege ile ile, ingekuwa pazia lililotundikwa na mkono wa mtu. Na nyuma ya pazia hilo angeketi mtoto ambaye hakuulizwa. Tangazo lililobandikwa humwambia abiria kwamba ndege ni ya kujiundia. Halimwambii kwamba rubani ameiona dalili akainyamazisha. Idhini ya abiria haifiki huko.

Kusitiri, basi, ni kufunika jambo ambalo gharama yake anaibeba yule anayefunika. Ukimfunikia mwenzako aibu yake, wewe ndiwe unayebeba uzito wa siri. Kuficha ni kufunika jambo ambalo gharama yake ataibeba mwingine asiyejua. Ndiyo maana neno la kwanza laitwa wema na la pili hutusuta.

Tarehe 12 Julai 2013, katika uwanja wa Heathrow, London, ndege kubwa ya shirika la Ethiopia aina ya Boeing 787 iliwaka moto ikiwa imeegeshwa bila mtu ndani. Wachunguzi wa Uingereza waliufuata moto ule mpaka kwenye kifaa cha kupaza ishara za dharura, chenye betri ya lithiamu. Walihitimisha kwamba nyaya mbili za betri hiyo zilibanwa chini ya kifuniko chake, na kwamba yaelekea hapo ndipo shoti ilipoanzia. Kwa nje kifaa kilikuwa kimefungwa vizuri. Simtuhumu aliyekifunga, huenda hakuona. Nasema tu kwamba kifuniko kilichokaa sawasawa si ushahidi wa hali iliyo chini yake, na kwamba utulivu wa chombo si kipimo cha uzima wake.

Mtu ataniuliza: je, tukifungua kila kifuniko na kushuku kila ukimya, tutaishi? La hasha, hatutaishi, wala hakuna ndege itakayoruka. Binadamu hana budi kuyaamini mengi asiyoyaona. Lakini sidai deni la kujua yote. Deni ninalolisema huanza siku dalili inapojitokeza. Kabla ya siku hiyo tumo katika kutojua, na kutojua kuna udhuru. Baada yake, kila anayeketi kando yetu ana haki juu ya kile tulichokiona, awe ni abiria, mke, mtoto au mfanyakazi mwenzetu.

Nasi sote tuna betri za risasi katika maisha yetu: mtu mpole nyumbani au kazini anayemeza hasara zetu hata tukadhani mambo yako sawa. Akija mwingine asiye na subira hiyo, akasema hapana, mara moja twamwita mkorofi na kutamani yule mpole arudi. Ni vema kabla ya kumfukuza tuchukue mita, tupime upande wake pia. Mara nyingine ndiye pekee katika nyumba aliyekataa kuumia kimya kwa kosa lililokuwapo zamani.

Ncha ile ya waya ilikatwa, ikawekwa mpya, ikakazwa. Vipimo viwili vikakubaliana. Mzee aliandika yote katika daftari la ndege: kilichoonekana, kilichopimwa, kilichobadilishwa, na tarehe. Jumamosi ilipita bila safari, na mtoto alilia kidogo. Kilio kile kilikuwa sehemu ya gharama, na safari hii babu ndiye aliyeibeba, kwani ndiye aliyelazimika kumweleza kwa nini.