Kuchagua Mtambo wa Viasi

Huko Marekani iko kazi moja ya nyumbani ambayo huku kwetu si desturi, wala sheria haimruhusu mtu kuifanya kwa hiari yake: ni kazi ya kushindilia viasi vya bunduki. Kule, mtu atengenezaye viasi kwa matumizi yake mwenyewe hatakiwi na serikali kuu kuwa na leseni. Leseni yatakiwa kwa yule atengenezaye ili auze. Kwa hiyo wako wawindaji na walenga shabaha wengi ambao jioni huketi katika banda la motokaa, mbele ya meza nzito iliyofungiwa mtambo wa chuma, wakiyajaza upya maganda waliyokwisha kuyapiga. Tena si jambo jipya. Wale waliowinda nyati wa Marekani katika nyika za magharibi miaka ya 1870 waliifanya kazi hiyo kambini, maana duka lilikuwa mbali, na ganda la shaba lilikuwa mali.

Imenipendeza kuileta habari hii mbele yenu, si kwa ajili ya bunduki, bali kwa kuwa mtu atakaye kuianza kazi hiyo hana budi kwanza kuchagua mtambo, na katika uchaguzi huo limo swali zito la mwenendo wa mtu. Je, tukikikabidhi chombo kazi yetu ya hatari, twaweza kukikabidhi na uangalifu wetu pamoja nayo? Na siku kitakapokosa, ni nani atakayelaumiwa?

Yafaa tuifahamu kazi yenyewe. Kiasi kimoja kina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni pake, baruti ndani, na risasi mdomoni. Kikipigwa, vitatu vimekwisha, ganda limesalia. Ganda hilo limepanuka kwa nguvu ya moto, basi hurudishwa katika upana wake kwa kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma, fataki ya zamani ikatolewa na mpya ikatiwa, ikafuata baruti kwa kipimo chake, na mwisho risasi. Kila tendo lina kalibu yake, na mtambo si kitu ila wenzo wa kulisukumia ganda ndani ya kalibu.

Wazee wetu walipokiita kitu hiki kiasi cha bunduki walisema vema, kwa sababu ndani yake baruti imekwisha kupimwa. Gobori halikuwa hivyo. Mwenye gobori hupima baruti yake kila apigapo, na akikosea kipimo, aliyekosea ndiye anayepiga. Lakini kiasi huweza kukaa sandukuni miaka mingi, kikapigwa na mtoto wa yule aliyekishindilia, au na rafiki aliyeazima. Kosa na maumivu yake yametengana.

Nayo makosa ni ya kuogofya. Asipotia baruti kabisa, fataki peke yake huisukuma risasi hata ikakwama ndani ya mtutu. Mpigaji asiyetambua akipiga tena, mtutu huvimba au hupasuka. Akitia mara mbili, bunduki yaweza kupasuka mkononi. Tena hili la pili ni rahisi kutokea kuliko mtu adhanivyo. Kiasi cha bastola kiitwacho .38 Special kilitokea mwaka 1898, zamani za baruti nyeusi, ambayo ilihitaji nafasi kubwa. Baruti ya siku hizi isiyo na moshi ni kali zaidi, nayo hutiwa greni chache tu (greni 7,000 ndizo ratli moja), hata katika ganda lile hubaki nafasi ya kuingia kipimo cha pili, na mtu asiyechungulia hatajua.

Sasa mitambo. Ya namna ya kwanza hushika kalibu moja tu. Mfano wake ni Rock Chucker wa kampuni ya RCBS, kampuni iliyoanzishwa na Fred Huntington mwaka 1943 katika mji wa Oroville, California: fremu nzito ya chuma cha kusubu na wenzo mmoja, basi. Mtu huyapitisha maganda yote katika tendo la kwanza hata yaishe, ndipo abadili kalibu na kuanza la pili. Wakati wa baruti, maganda 50 husimama katika ubao wenye matundu, naye huchukua taa akamulika ndani ya yote na kulinganisha kimo cha baruti. Kwa saa moja hupata viasi 50. Akiwa hodari, labda 100. Namna nyingine ina sahani inayozunguka, na kalibu zote zimefungwa juu yake kwa zamu. Kila wenzo uvutwapo, kila ganda lililo juu ya sahani hupata tendo lake, na kiasi kimoja kilichokamilika huanguka kikapuni. Huo hutoa viasi 400 hata 600 kwa saa. Iko na namna ya kati, yenye kichwa cha kuzungushia kalibu. Siisemi zaidi, maana haiongezi kitu katika swali letu.

Mara moja mtu atasema: haraka haraka haina baraka, achukue mtambo wa polepole, kesi imekwisha. Mimi sikubali kwamba imekwisha. Polepole si jina jingine la uangalifu. Mtu anayerudia jambo moja mara 50 huchoka, mawazo yake yakaenda sokoni, na mkono wake ukatia baruti katika ganda lililokwisha kutiwa. Na mashine huweza kulizuia kosa lilo hilo. Tazama mitambo miwili ya kampuni ya Dillon, iliyoko Scottsdale, Arizona. Ule uitwao RL 550 una vituo 4, na sahani yake huzungushwa kwa mkono. Mtu akiitwa mlangoni, akarudi, akavuta wenzo bila ya kuizungusha sahani, ganda lile lile hupata baruti mara ya pili. Ule uitwao XL 750 una vituo 5, na sahani yake hujizungusha yenyewe. Tena pana nafasi ya kufungia chombo kinachogusa baruti ndani ya ganda na kupiga kengele, kimo kikipungua au kuzidi. Yeye ausifuye mtambo wa polepole kwa upole wake tu, anasifu jasho. Uangalifu bado hajausifu.

Walakini kengele nayo ina hila yake. Hupima kimo, haipimi uzito. Kosa kubwa hulitambua, dogo hulipita. Wala haijui ni baruti gani iliyomo. Mtu akichukua chupa isiyo yake na kumimina baruti nyingine katika tangi la mtambo, kimo kitakuwa kile kile, na kengele itanyamaza katika kila kiasi hata cha mwisho. Ndiyo maana wazoefu wa kazi hiyo huweka chupa moja tu mezani, nyingine zote kabatini. Kanuni hiyo ya chupa moja haikununuliwa pamoja na mtambo. Ni ya mtu mwenyewe.

Hapa ndipo nionapo tofauti kati ya mzigo na lawama. Chombo chaweza kutupunguzia mzigo, na ni upumbavu kukataa. Baruti ikipimwa vizuri zaidi na mashine kuliko mkono, na ipimwe na mashine. Lakini lawama haibebeki na chuma, kwa kuwa chuma hakimjui jirani. Aliyesimama upande wa kulia wa mpigaji katika uwanja wa shabaha hakuulizwa ni mtambo gani ununuliwe, wala kama mwenye mtambo alikuwa na usingizi usiku ule. Naye uso wake u karibu na bunduki ile. Mtu akisema, “Kengele haikulia,” amesema kweli, lakini hajamjibu jirani yake.

Watu wa kazi hiyo wana desturi ambayo mgeni angeidhani kuwa uchoyo: hawapigi viasi vilivyoshindiliwa na mtu mwingine, wala hawampi mtu vyao. Mimi naiona kuwa ni unyofu. Wamekubali kwamba sanduku laweza kupokezanwa, bali uhakika wa aliyekuwapo mezani haupokezanwi.

Basi mimi ningemwambia anayeanza achukue mtambo wa kalibu moja. Sababu yangu ni kwamba humo kila tendo husimama peke yake, na kidole hujifunza fataki iliyokaa sawa huwaje, na wenzo unaovutika vibaya huwaje. Mtu ambaye hajalijua jambo lililo sawa atawezaje kulishangaa lililo baya, litokeapo moja katika mia tano? Akishajua, na akiwa ni mtu wa mashindano ya kila juma ambaye viasi 50 kwa saa havimtoshi, simkatazi ule wa haraka. Ningempendelea ule unaojizungusha, wenye kengele, kuliko ule unaongoja mkono ukumbuke. Ila mtu anunuaye mtambo wa haraka kwa kuwa jirani yake anao, huyo ningemwambia angoje. (Na wale wasemao wanafanya hivi ili kubana fedha, wenzao huwacheka, maana mwenye viasi vya bei rahisi hupiga vingi zaidi, na fedha ikaenda pale pale.)

Jambo moja husahauliwa dukani, napo ndipo kasi ya mtambo huonekana kwa upande wake wa pili. Mtu amemaliza kazi, akagundua kwamba mizani ilikuwa imesogea. Hana njia ya kujua kosa limeingia katika kiasi gani. Kwa nje vyote vinafanana. Imempasa kuvivunja vyote. Chombo cha kuvunjia chafanana na nyundo: kiasi hutiwa kichwani, kikapigwa juu ya gogo hata risasi itoke na baruti imwagike, kimoja kimoja, pigo baada ya pigo. Mwenye mtambo wa kwanza ana viasi 50 vya saa yake moja, naye atalala mapema. Mwenye mtambo wa pili, kwa saa ile ile moja, ana 500. Yamkini 499 kati ya hivyo ni vizuri kabisa, wala hakuna mtu atakayejua akivirudisha vyote sandukuni.