Wanangu, Msinunue Ndege ya Saa Nne

Vijana wetu mlioko Ohio, Minnesota, Toronto na kwingineko ughaibuni, nasikia siku hizi mkipata likizo mnakutana Florida, mnapanda meli ya kitalii, mnazunguka Bahama na Mexico siku nne au wiki nzima, kisha kila mtu anarudi kwake. Moyo wangu hufurahi. Mimi nilitandika vitanda katika meli hizo kwa miaka 19, na enzi zetu mtoto wa Likoni, Mombasa, aliingia humo kwa mlango wa wafanyakazi tu. Safirini, mpumzike, muwachukue na wazee wenu. Juu ya safari yenyewe sina neno. Neno langu ni juu ya asubuhi moja, ile ya kushuka, kwa sababu nimeiona ikiwaliza watu wazima.

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anasoma kwenye ratiba kwamba meli itafunga gati Miami saa 12 asubuhi. Anatazama ramani, anaona kutoka bandarini hadi uwanja wa ndege ni kama kilomita 13. Anapiga hesabu: saa 12 mpaka saa 4 na nusu, muda tele. Basi ananunua ndege ya saa 4:30 asubuhi, maana ndiyo iliyokuwa na bei nafuu.

Sisi watu wa Likoni tulistahili kuwa wa kwanza kulijua kosa hilo. Kivuko chetu hukatiza maji ya dakika chache tu, lakini kabla ya kufunguliwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kivukoni, ni watalii wangapi wa Diani walioikosa ndege hali wanautazama mji ng'ambo kwa macho yao? Umbali ulikuwa mfupi. Foleni ndiyo iliyokuwa ndefu.

Meli kufunga gati ni jambo moja, na wewe kushuka ni jambo jingine. Kabla ya alfajiri rubani wa bandari huletwa kwa mashua ndogo, akapanda ubavuni mwa meli kwa ngazi ya kamba, ili aiongoze kupita mlango wa bandari. (Neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kupaa angani, manahodha wa majahazi walilitumia kabla ndege hazijakuwako.) Kisha kamba zifungwe, daraja liwekwe, na maafisa wa forodha na uhamiaji watoe idhini. Bila idhini hiyo hakuna abiria anayetia mguu chini. Siku nyingine idhini huja upesi. Siku nyingine nimesimama ushoroboni saa nzima na zaidi, abiria wameketi juu ya masanduku yao kwenye ngazi, lifti zimejaa hazifunguki kwa yeyote, watoto wanalia, na kila dakika mtu ananishika mkono aniulize, "Bado?" Nami sikuwa na jibu, kwa kuwa jibu lilikuwa kwa watu walioko nje ya meli.

Kisha jueni kwamba hamshuki peke yenu. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mnamo Januari 2024, inaweza kubeba abiria 7,600. Hao wote hushuka asubuhi moja, na mchana wa siku hiyohiyo wengine kama hao wanaingia. Katikati ya makundi hayo mawili kuna vyumba vya kusafishwa, mashuka ya kubadilishwa, vyakula vya kupakiwa. Wahudumu watawaomba mtoke chumbani mapema, wala msiwakasirikie, kwani kazi iliyo mbele yao haina nafasi ya kupumua. Ila kutoka chumbani si kutoka melini. Mtaketi ukumbini mpaka kundi lenu liitwe, kwa rangi au kwa namba iliyo kwenye lebo ya mzigo. Na mwishoni mwa wiki huenda gati za jirani zina meli tatu nne nyingine zinazoshusha saa hizohizo, na abiria wao wote wanatafuta teksi zilezile.

Tuihesabu basi ile ndege ya saa 4:30, tukianza mwisho kurudi nyuma. Kwa safari za ndani ya Marekani kaunta nyingi huacha kupokea mizigo dakika 45 kabla ya ndege kuondoka. Hapo ni saa 3:45. Toa dakika 20 za foleni ya kaunta. Toa 40 za njiani, maana bandari ya Miami iko kisiwani na njia za kutoka ni daraja na handaki tu. Toa 20 za kungoja gari, 40 za pasipoti, 20 za kulitafuta sanduku lako katika ukumbi ambamo masanduku meusi yamepangwa safu kwa safu kama makaburi. Umefika saa 1:25 asubuhi, ndiyo saa ya kuwa umekwisha kutoka melini. Saa hiyo wengi walioacha mizigo ichukuliwe usiku hawajaitwa bado. Kijana asiye na familia, aliyebeba begi lake mwenyewe na kushuka na kundi la kwanza, anaweza kuponea chupuchupu. Mwenye watoto, au mzazi anayesubiri kusukumwa kwa kiti cha magurudumu, hawezi.

Na hesabu hiyo ni ya siku ambayo hakuna kilichoharibika. Galveston, kule Texas, ukungu wa miezi ya baridi hufunga njia ya meli, zikabaki nje baharini saa kadhaa huku wenye ndege zao wakizitazama simu. Kutoka hapo hadi uwanja mkubwa wa Houston ni zaidi ya kilomita 100. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni tangu tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kimbunga kikiwa njiani nahodha hukizunguka, akachelewa siku nzima ikibidi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2024 meli ya mizigo iitwayo Dali iligonga daraja la Francis Scott Key huko Baltimore. Daraja likaanguka, wafanyakazi sita waliokuwa juu yake wakafa, njia ya bandari ikazibwa. Meli ya kitalii Carnival Legend ilikuwa safarini. Ikalazimika kurudi Norfolk badala ya Baltimore, na abiria wakapelekwa huko kwa mabasi, mwendo wa saa kadhaa. Nani angeyapanga hayo?

Mimi mwenyewe yalinifika baada ya kustaafu. Binti yangu na mumewe walinichukua safari ya siku nne kutoka Miami, kunipa heshima baba yao. Ilikuwa tushuke Jumatatu, turuke saa 4:30 asubuhi hadi New York, na usiku ule nipande ndege ya kurudi Kenya. Tiketi ile ya asubuhi ilikuwa pungufu ya dola 60 kwa kila mtu. Nilinyamaza. Nilijua, na nikanyamaza, kwa kuwa aliyelipa hakuwa mimi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Idhini ilichelewa. Tulifika kaunta saa 3:52. Dada aliyekuwa pale alikuwa mpole, lakini mitambo ilikwisha kufunga. Nafasi za pamoja zilipatikana kesho yake.

Hasara ya hoteli tuliimudu. Ila tiketi yangu ya Kenya ilikuwa imenunuliwa mbali, si pamoja na ile ya Miami, kwa hiyo shirika la pili halikuwa na wajibu wowote kwangu. Sikutokea uwanjani New York, tiketi ikafa. Nyingine nikaipata ya Jumatano usiku, kupitia Doha.

Alhamisi ilikuwa nikahi ya mjukuu wangu. Baba yake ni marehemu, walii wake ni mimi. Usiku ule wa Jumatatu, nimeketi juu ya sanduku langu katika chumba cha hoteli, nilimpigia mdogo wangu Likoni nikampa uwakala amwozeshe kwa niaba yangu. Nikahi ilisihi, alhamdulillahi. Ilipofungwa baada ya Isha, mimi nilikuwa kwenye kiti cha uwanja wa Doha, na kanzu niliyoshonewa kwa siku hiyo imo sandukuni. Mjukuu wangu hajanilaumu hata siku moja.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Ukiwa na ndege ya ndani tu, nunua ya alasiri au jioni. Yakienda vizuri, utapata kula chakula cha mchana kwa utulivu. Ukiwa unarudi Nairobi, Dar es Salaam au Muscat, lala usiku mmoja nchi kavu. Ongeza gharama ya chumba hicho kwenye bei ya safari tangu siku ya kwanza, uihesabu kama unavyohesabu chakula. Na safari zote za ndege zikatwe katika tiketi moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa, shirika likutafutie njia nyingine.

Mnaosafiri kwa viza, tazameni siku mlizoruhusiwa kukaa. Usiwe na ruhusa ya kukaa inayokwisha siku ileile ya kushuka, kwa kuwa ukikosa ndege umezidisha siku, na alama hiyo itakufuata ubalozini mwaka ujao. Walioko Ulaya waangalie zaidi: viza ya Schengen ya kuingia mara moja ukitoka nayo, meli ikatia nanga Tunis, haikurudishi tena Barcelona.

Saa nazo zina mitego. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, na meli nyingi hushusha Jumapili. Ndege iliyoandikwa saa 00:30 tarehe 12 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwanjani unatakiwa tarehe 11. Hapa hesabu ya wazee wetu inasaidia, wao ambao usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoitangulia Ijumaa.

Usiku wa mwisho, mizigo inapowekwa nje ya mlango ichukuliwe, msiisahau pasipoti ndani. Nilipata kumwona mzee mmoja asubuhi amebaki na nguo za kulalia na ndara, kila kitu chake, pamoja na dawa ya sukari, kimeshateremshwa. Alikaa kando ya kitanda nilichokuwa nakitandua, akitetemeka. Nilimpa shati langu. Pasipoti, dawa, simu, nguo moja na viatu vibaki mkononi. Na kwenye mpini wa sanduku fungeni kipande cha leso kuukuu, cha rangi kali. Mtaliona sanduku lenu toka mlangoni.

Mwaliko wa harusi hauandiki sababu za aliyekosa kufika. Kama tiketi ya saa 4 iko kwenye simu yako sasa hivi na hujailipia, nakusihi mwanangu, ifute, utafute ya jioni.