Je, Ngoma Yaweza Kubatizwa?



Katika mitaa na parishi zetu, tangu Mbeya hadi Iringa, swali moja huzuka kila kwaya inapochagua nyimbo za harusi, za mavuno au za msiba. Je, ni halali Mkristo kumsifu Mungu kwa sauti na mwendo wa ngoma ya kwao? Na hawa vijana wanaotunga nyimbo za Injili kwa mapigo ya Bongo Fleva, je, tuwapokee au tuwakanye? Watu hujibu upesi. Wako wasemao kwamba ngoma ni ya shetani, basi. Wako wasemao kwamba Mungu hutazama moyo tu, basi. Majibu hayo mawili yana kasoro ileile: yote mawili yanatuondolea kazi ya kufikiri. Twapenda leo tuifanye kazi hiyo pamoja.

Kwanza, tuwatendee haki waliotutangulia. Wakristo wa kwanza wa nyanda hizi hawakuacha ngoma kwa ujinga, wala kwa kumwogopa mmisionari peke yake. Godfrey na Monica Wilson walikaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, na Mama Wilson akaandika kwa kirefu habari za mazishi ya huko. Wanawake walilia kwa sauti, wanaume walicheza wakiwa na mikuki, na mara nyingine uchezaji huo uligeuka ugomvi wa kweli. Tena mazishi yalifungamana na ibada za wafu wa ukoo. Mkristo aliyesimama kando, asicheze, akaimba utenzi badala yake, alikuwa akitoa ushuhuda. Alisema mbele ya ndugu zake wote kwamba mauti imeshindwa na kwamba marehemu yu mikononi mwa Mungu. Ushuhuda huo ulimgharimu. Tusiudharau sisi tunaoimba leo bila kugharimiwa kitu.

Walakini kitu kilipotea pia. Mzee aliyekuwa amejua kulia kwa mwili wake wote alipewa kitabu cha nyimbo, naye hakujua kusoma. Vijana wengi wakajifunza kuwa watu wawili: mmoja wa Jumapili, aliyesimama wima kama mti, na mmoja wa usiku wa mbalamwezi, aliyecheza kule ambako katekista hakumwona. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Kijana akiambiwa kwamba yote aliyopewa na mama yake ni giza, ama atamdharau mama yake, ama atalificha Kanisa nusu ya maisha yake. Na nusu iliyofichwa haisikii mahubiri.

Tena kuna jambo ambalo ni haki kulisema wazi. Sauti za nyimbo zilizotoka Ulaya hatukuziuliza zimetoka wapi. Mwaka 1903 Ralph Vaughan Williams, mtunzi wa Kiingereza, aliandika sauti ya wimbo wa kijana wa plau aliousikia katika kijiji cha Forest Green. Mwaka 1906 akautia wimbo huo katika kitabu cha nyimbo za Kanisa la Uingereza, ukawa wimbo wa Krismasi wa mji mdogo wa Bethlehemu. Ulikuwa wimbo wa wakulima, kama huu wetu wa kupalilia mahindi. Na ile sauti ya huzuni ambayo Wakristo wengi duniani huimbia habari za kichwa cha Bwana kilichovikwa miiba, Hans Leo Hassler aliitoa mwaka 1601 katika wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa kwa mapenzi. Leo hakuna anayeuimba Ijumaa Kuu akamwaza msichana. Basi kama wimbo wa plau na wimbo wa mapenzi vilipokelewa kutoka huko, kwa nini wimbo wa Wahehe au wa Wabena usimamishwe mlangoni?

Nyimbo huvuka mlango huo kwa pande zote mbili. Sauti ya wimbo wetu wa taifa, unaosimamisha Wakristo, Waislamu na wasio na dini, ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Afrika Kusini. Nao vijana wa kando ya Ziwa Nyasa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliuchukua mwendo wa gwaride la askari wakaugeuza kuwa ngoma ya mganda. Kwa hiyo hata hiyo tuiitayo ngoma ya asili ina historia yake ya kuazima. Utu wetu haukushuka kutoka milimani ukiwa umekamilika. Umejengwa kwa kupokea, kwa kukataa na kwa kugeuza.

Sasa tuitazame imani yenyewe. Twakiri kwamba Mwana wa Mungu alifanyika mwanadamu. Hakufanyika mwanadamu wa jumla asiye na kwao. Alilelewa Nazareti, akaimba zaburi pamoja na watu wake, akaenda arusini Kana. Petro alipokuwa akimkana uani kwa Kuhani Mkuu, matamshi yake ya Kigalilaya yalimfichua. Bila shaka Bwana wake naye alisema kwa matamshi hayohayo. Kama Mungu hakuona haya kuwa na matamshi ya kijijini, sisi twaona haya ya nini?

Lakini mtume Paulo anatuzuia tusikimbie mbele mno. Wakorintho waliulizana juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Wenye elimu walisema kwamba sanamu si kitu, basi nyama ni nyama. Paulo hakuwakatalia hoja yao. Aliwauliza habari za ndugu ambaye dhamiri yake ni dhaifu, aliyekuwa akiabudu sanamu hiyo jana, na ambaye akiwaona wakila ataanguka. Swali la nyama likageuka kuwa swali la jirani. Nasi twaona kwamba hilo ndilo swali la ngoma pia: wimbo huu unamtendea nini mtu aliyeketi kando yangu?

Tuseme yuko mama aliyebatizwa Pasaka iliyopita. Ngoma fulani kwake si mapigo tu. Ndiyo aliyopigiwa alipokuwa akiaguliwa kwa mganga, na akiisikia mwili wake hutetemeka. Kijana wa mjini aliyezaliwa katika Kanisa hawezi kumwambia kwamba ni muziki tu. Tuseme pia kwamba parishi ina Wanyakyusa, Wakinga, Wabena, Wahehe na Wanyasa, kama zilivyo parishi nyingi za miji yetu. Kama kila sikukuu ni ngoma ya kabila moja, wengine wamekuwa wageni katika nyumba ya Baba yao. Na tuseme kijana ametia maneno ya Injili katika sauti ya wimbo wa Bongo Fleva unaowadharau wanawake, ambao kila mtu aliusikia kwenye daladala wiki iliyopita. Binti aliyeketi kwaya anayasikia maneno ya kwanza chini ya maneno ya pili. Huenda baada ya miaka mingi sauti ile itasahau ilikotoka, kama ilivyosahau ile ya mwaka 1601. Lakini leo bado inakumbuka.

Swali hilohilo liwapate na wapenzi wa tenzi za zamani. Kwaya ikiweka spika kubwa mlangoni pa wafiwa, ikaimba tenzi kwa sauti hata mjane asipate kusikia kilio chake mwenyewe, imemnyang'anya haki yake, ingawa kila neno limetoka kitabuni. Kama yuko bibi wa kumwimbia mjane huyo kwa upole wimbo wa maombolezo wa lugha ya kwao, na kumwacha alie, huyo amefanya kazi ya Kanisa.

Basi, je, ngoma yaweza kubatizwa? Twajibu kwamba yaweza, kwa njia ileile ambayo mtu hubatizwa. Mtu huwa mkatekumeni kwanza. Hufundishwa, huulizwa anakataa nini na anaamini nini, husimamiwa na wadhamini wanaomjua. Haambiwi aache jina la ukoo wake, lakini haingii na kila kitu. Kanisa letu la Kianglikana lilikwisha kujaribu njia hiyo. Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu tangu 1926 hata 1944, aliyaweka mafunzo ya jando chini ya uangalizi wa Kanisa. Mengine yaliachwa, mengine yalipokewa, na wako waliobishana naye. Kwa unyago wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Hakupata jibu moja la mambo yote, lakini alikubali kuketi na wazee na kuuliza kila jambo maana yake.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na padri peke yake. Inawahitaji wazee waseme bila kuficha kila wimbo uliimbwa lini na kwa nini, akina mama waseme maneno yanawaumiza wapi, na vijana wasikilize kabla ya kurekodi. Inawahitaji pia wazee wasikilize, maana kijana anayetafuta sauti yake ya kumsifu Mungu hafanyi utundu. Anaomba asiwe watu wawili.

Bwana wetu, aliyechukua mwili na lugha ya watu wake, atufundishe kumwimbia kwa nafsi zetu zote, wala pasiwe na ndugu anayeachwa nje kwa sababu ya wimbo wetu. Amina.