Pasipoti Saba

Fomu ilikuwa ndefu, lakini swali la kwanza tu ndilo lililonimaliza. Nilitakiwa kuchagua nchi iliyotoa pasipoti yangu, na nchi zilikuwa saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Nilishuka chini ya ukurasa nikitafuta neno "Nyingine", kama mtoto anayetafuta jina lake kwenye karatasi ya waliochaguliwa kidato cha kwanza. Halikuwepo. Nikapanda juu, nikashuka tena.

Ilikuwa saa nne usiku, Kaliua. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nje ya chumba nilichopanga, upande wa stesheni, kwa sababu ndani mtandao haushiki. Hapo kwetu ndipo reli ya kati inapogawanyika, njia moja ikiendelea Kigoma, nyingine ikikata kusini kwenda Mpanda. Nilikuwa na miaka sita ya kufundisha Kiingereza katika sekondari ya kata, shahada ya ualimu, na imani kamili kwamba nitakwenda Korea Kusini kufundisha somo hilohilo.

Wazo lenyewe nililetewa. Tuliwahi kuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, dada aliyekuja kufundisha biolojia. Tulimwita Madam, kama tunavyowaita walimu wote wa kike. Vipindi vyake vikiisha alikuwa anakuja kukaa nyuma ya darasa langu, anasema anajifunza. Nilidhani ni adabu tu. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu akamuuliza yeye, mwenye lugha, kwa nini Waingereza wanasema "if I were you" wakati jana yake tumefundishwa kwamba "I" inakwenda na "was". Madam alifikiri, akacheka, akasema hajui, inasikika vizuri tu hivyo. Kisha akanigeukia. Nikachukua chaki nikaeleza habari ya jambo lisilokuwepo, jambo linalofikiriwa tu, na jinsi kitenzi kinavyobadilika kulibeba. Yeye naye aliandika kwenye daftari lake. Darasa zima liliona.

Muda wake ulipoisha alirudi kwao, na baada ya miezi michache nikapata ujumbe kutoka Korea. Alikuwa anafundisha Kiingereza watoto wadogo katika shule binafsi za masomo ya ziada, ambazo kule zinaitwa hagwon. Watoto wanakwenda huko mchana na jioni, shule ya kawaida ikishaisha. Amelipiwa nauli ya ndege, amepewa chumba. Aliandika: wewe ndiye unayestahili kuwa hapa, siyo mimi. Nikalichukua sentensi hilo kama barua ya ajira.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba mambo yote yanashikwa na viza moja, inaitwa E-2, ya walimu wa lugha za kigeni. Kwa Kiingereza, mwombaji awe raia wa mojawapo ya zile nchi saba, na awe na shahada. Shahada ya nini? Ya chochote. Biolojia inatosha. Hata mradi wa serikali unaopeleka wageni kwenye shule za umma, EPIK, ulioanza mwaka 1995, unatumia orodha hiyohiyo. Wa Afrika Kusini huongezewa sharti, athibitishe kwamba tangu sekondari alisomeshwa kwa Kiingereza. Hapo nilicheka peke yangu pale kwenye ngazi. Mimi nami sekondari nzima nilisomeshwa kwa Kiingereza, masomo yote isipokuwa Kiswahili, kama Mtanzania mwingine yeyote, hata pale ambapo mwalimu na sisi wote tulikuwa tunateseka.

Nilipokasirika nikafanya anachofanya kila mtu wa mkoa wa Tabora akiona heshima yake imeguswa: nikamtaja Mwalimu. Nyerere aliingia Shule ya Tabora mwaka 1937 akitoka Uzanaki, akarudi mjini hapo baada ya Makerere kufundisha St. Mary's, akaenda Edinburgh, akapata shahada mwaka 1952. Akaja kuitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kiingereza si lugha ya mama yake. Watu husahau kwamba hata Kiswahili si lugha ya mama yake. Nyumbani kwao ni Kizanaki. Alichukua lugha mbili zilizokuwa za wengine akavusha kitu kutoka moja kwenda nyingine, na fomu ile ingemkataa kwenye swali la kwanza.

Hasira ya namna hii ni tamu. Nililala nayo.

Asubuhi nikaibeba hadi ofisi ya walimu, nikaisimulia yote, na saba zile nikazihesabu kwa vidole. Wenzangu wakanionea huruma ipasavyo. Mmoja akasema huo ni ubaguzi wa wazi, mwingine akasema bora nibaki, walimu wa Kiingereza wenyewe hawatoshi. Kwenye kona alikuwepo mwalimu mwenzetu wa Kiswahili, anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Pore, mwarimu," alisema. "Fomu hiyo naijua."

Akaendelea kusahihisha. Na mimi, kabla ya kufikiri alichosema, nilikuwa tayari nimesikia zile r mbili.

Inabidi nieleze. Ndani ya wilaya yetu kuna Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Watu walisafisha msitu, wakalima, wakazaa, wakazika. Mwaka 2014 wakimbizi zaidi ya 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa humohumo, wakaanza kupewa vyeti vya uraia. Mwenzetu huyu alizaliwa Ulyankulu. Burundi hajawahi kuiona. Kiswahili alikipata shuleni na sokoni, akakipenda kuliko yeyote kati yetu, akakisomea mpaka chuo kikuu. Ila Kirundi cha nyumbani kwao l zake ni chache mno, kwa hiyo akichoka, au akiguswa, l zake zinageuka r.

Sisi Wanyamwezi tuna ugonjwa huohuo kwa upande wa pili. Kinyamwezi hakina r. Bibi yangu mpaka anakufa alisalimia "habali". Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza chuoni vijana wa Dar walinicheka mpaka nikawa nafanya mazoezi bafuni, maji yakimwagika ili wenzangu wasisikie: karata, barabara, Morogoro. Niliiponya r yangu kwa aibu. Mtu aliyeponywa hivyo hupata sikio kali sana la ugonjwa wa mwenzake.

Na Kiswahili chenyewe kilifika kwetu kwa miguu. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga, na lugha ya pwani. Kule pwani waliitwa washenzi; lugha waliichukua vilevile, wakaipeleka Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Halafu ilipofika wakati wa kuamua kipi ni Kiswahili sanifu, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja, na kamusi iliyokuja kuwa hakimu wetu, ile ya mwaka 1939, ilisimamiwa na Mwingereza, Frederick Johnson. Haya yote niliyajua. Niliwahi hata kuyafundisha.

Sasa kikao. Mwaka mmoja kabla ya fomu yangu, mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha nne alihamishwa. Kwa haki nafasi ilikuwa ya mwenzetu wa Ulyankulu: ndiye pekee aliyebaki mwenye shahada ya somo lile. Mkuu wa shule alituuliza sisi wa kamati ya taaluma, yeye akiwepo palepale. Kukawa na ukimya. Nikausema mimi. Nilisema kwa sauti laini, ya mtu anayejali wanafunzi, kwamba hili ni darasa la mtihani, na kwamba Kiswahili cha mwalimu wetu ni kizuri lakini "siyo cha kuzaliwa". Watoto watamwiga. Kidato cha nne akapewa mwalimu wa jiografia aliyekulia Temeke, mtu mwema, ambaye ushairi ulimshinda mwaka mzima na mwenyewe alikuwa anakiri. Mwenzetu alifunga daftari lake la kumbukumbu, akamshukuru mkuu.

Mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne ni wa kuandika. Hakuna pahali popote kwenye karatasi ile ambapo r inasikika. Hilo sikulifikiria hata mara moja, na sidhani ni kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo wiki ile niliyokataliwa na Korea nilikuwa na kazi mbili kichwani, na nilijaribu kuwa mkweli kwa zote mbili. Kwanza niliitetea fomu. Mzazi wa Seoul hanijui. Anatoa fedha yake, anataka mtoto asikie Kiingereza cha mtu aliyekulia ndani yake, na kitu hicho kipo kweli, si uzushi. Mimi najua kanuni. Madam anajua utani. Mpaka leo nikisoma barua pepe ya Mwingereza siwezi kujua kama ananiheshimu au ananitukana. Na maombi yakija maelfu kutoka dunia nzima, lazima kuwe na chekeche. Pasipoti ni chekeche baya, linaangusha Nyerere na kumbakiza mtu asiyejua kwa nini anasema anachosema, lakini ni la mtu anayechagua gizani. Angekuwa na njia rahisi ya kuingia darasani kwangu, labda angelitupa.

Halafu nikajaribu kujitetea mimi. Hapo maneno yaliisha. Mimi sikuwa gizani. Nilikuwa nimeshakaa nyuma ya darasa la yule bwana, kama Madam alivyokaa nyuma ya darasa langu. Nilimwona akifundisha vina na mizani kwa kuwapigisha watoto madawati kwa viganja, mpaka mtoto asiyejua kusoma vizuri anakwambia mstari huu umepungua silabi moja. Nilitoka mle nikiwa na wivu. Nilikuwa na mtu mzima mbele yangu, kazi yake nimeiona kwa macho, na bado nikaomba cheti cha mahali alikozaliwa. Korea walinikataa kwa kutonijua. Mimi nilimkataa kwa kumjua.

Niliwahi kuliweka jambo hili mbele ya rafiki yangu, wakili, akasema nazidisha. Kikao cha shule ya kata si sheria ya nchi, na madhara hayalingani. Kwa ukubwa, ndiyo. Lakini mimi mtu wa Korea siwezi kumwambia chochote, na yule wa kona ya ofisi nilikuwa nakutana naye kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio. Sijui kama ubaya unapimwa kwa upana wake au kwa ukaribu wake. Nilichoona ni kwamba hasira yangu yote niliielekeza kule nisikoweza kufika.

Kuna jambo jingine linalonichekesha. Korea kuna Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni, na pale Wakorea hufundisha Wakorea wenzao Kiswahili. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi, nikaituma kwenye magrupu yote. Na Kikorea nacho, katika l na r, kina sauti moja tu inayoshika nafasi zote mbili. Sikuuliza wanatamkaje. Wangekuja Kaliua tungewapigia makofi kwa "habali" au kwa "pore", vyovyote iwavyo.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikasema nilichokuwa nimekosea, bila kupamba. Aliniangalia kama mtu aliyeletewa deni lililokwisha kusahaulika. Alisema ratiba imeshapita, tuone mwakani. Mwakani haikufika, mwenzetu alihamia wilaya nyingine kabla ya muhula kufunguliwa, na kuaga kwake kulikuwa kwa soda na biskuti kama kwa wengine wote. Nilimshika mkono, sikusema kitu. Walimu wengine walikuwa wamesimama karibu. Nilijiambia hiyo ndiyo sababu.

Ilinichukua miezi minne zaidi kumwandikia. Ngazi ileile, saa zilezile. Niliandika nikafuta, nikaandika. Nilimweleza kikao, ingawa alikuwepo. Nilimweleza kwamba nilikuwa na wivu, jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa yeyote. Mwishoni nikaandika kwamba nimekaa masaa mawili nikitafuta namna ya kusema pole na sijaipata.

Alama mbili zikageuka bluu. Akawa anaandika, akaacha, akawa anaandika tena.

"Saa mbili, mwalimu," lilikuja jibu. "Saa haina wingi wa ma. Nimeupokea ujumbe. Watoto wa kidato cha nne hawajambo?"