Kijana Aliyerudishwa na Seminari

Mwaka 1813 Yohane Maria Vianney aliingia seminari kuu ya Lyon, Ufaransa. Miezi michache baadaye akarudishwa: masomo yalikuwa kwa Kilatini, na Kilatini kilikataa kumwingia kichwani. Paroko wake wa Écully, Padre Balley, alimpokea tena nyumbani kwa paroko, akamfundisha teolojia kwa Kifaransa, kisha akaenda kumtetea kwa wakubwa wa jimbo. Tarehe 13 Agosti 1815 Vianney alipadirishwa. Leo ni msimamizi wa maparoko.

Parokia nyingi za Tanzania hukumbuka miito Jumapili ya Mchungaji Mwema, siku ya kuombea miito iliyoanzishwa na Papa Paulo VI mwaka 1964. Frateri husimama mbele na kujitambulisha, kapu la mchango hupita. Jumatatu, kimya.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1965 kwamba kulea miito ni kazi ya jumuiya nzima ya waamini, kuanzia familia. Kwa mtoto anayetumikia altareni kazi hiyo haina maneno mengi. Anamwona padre sakristia, anapanda naye pikipiki kwenda kigangoni, anashuhudia mgonjwa akipelekewa komunyo. (Na paroko anayefoka tangu Januari hadi Desemba, mtoto anamwona vilevile.)

Lakini kuna kizuizi ambacho hakitajwi sana mimbarini: woga wa kurudi. Mseminari akiacha malezi, minong'ono humtangulia kufika kijijini. "Kafukuzwa." Mama yake huanza kukwepa sala za jumuiya. Mdogo wake anayaona hayo yote, na wazo lake mwenyewe la kwenda seminari analimeza.

Ilhali malezi huchukua miaka mingi kwa makusudi, ili kijana apambanue. Anayetambua kwamba wito wake ni ndoa hajaanguka popote. Benjamin Mkapa alipita seminari ya Kigonsera, akaja kuwa Rais. Parokia inayompokea kijana wa namna hiyo kwa shangwe, ikampa kwaya aifundishe au watoto wa komunyo ya kwanza, inawaondolea wengine hofu ya kujaribu.

Vianney alipopata upadre alipangiwa Écully, akaishi na Balley hadi mzee huyo alipofariki mwaka 1817. Mwaka uliofuata akatumwa Ars, kijiji cha watu kama 230.