Mbio Kabla ya Mvua

Kwetu Bulumbi, wilayani Busia, barafu ni ile ya ndani ya friji, tena siku umeme ukiwapo. Hata hivyo swali ninalotaka kulijadili nililipata kwenye michezo ya theluji: je, aliyesaidiwa na hali ya hewa ameshinda kwa haki?

Februari 2018, Olimpiki ya Majira ya Baridi ilifanyika Pyeongchang, Korea Kusini. Tarehe 12 upepo ulivuma hata slalomu kubwa ya wanawake ikaahirishwa hadi tarehe 15. Siku hiyohiyo wanawake wa ubao wa theluji waliachwa washindane. Wengi walianguka, na baadhi yao walisema baadaye kwamba fainali ile haikupaswa kufanyika. Wapo wanaojibu kwamba upepo ni wa wote, basi hakuna aliyeonewa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wote wangeanza pamoja. Lakini katika michezo mingi ya theluji watu huteremka kwa zamu. Wa tano anaweza kupata utulivu, wa sita akapigwa na dhoruba, na wa thelathini akakuta theluji imelainishwa na jua.

Waamuzi wa kuruka kwa skii wamelikiri jambo hili. Upepo hupimwa kwenye kilima: anayepata upepo wa mbele, ambao humwinua, hupunguziwa pointi; anayepata wa nyuma huongezewa. Utaratibu huu si kamili, kwani upepo hugeuka ndani ya sekunde chache, lakini mimi naupenda, na nina sababu yangu.

Nikiwa sekondari tulishindania nafasi ya kuiwakilisha shule katika mita 1500. Tuligawanywa makundi mawili, na wenye muda bora ndio wangechaguliwa. Kundi langu lilikimbia uwanja ukiwa mkavu. Kabla ya kundi la pili kuanza, mvua ya alasiri ikamwagika, nao wakakimbia kwenye tope. Rafiki yangu, ambaye mazoezini sikuwahi kumshinda hata mara moja, nilimpita kwa sekunde nne. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasema, "Mvua ni ya Mungu, mwalimu." Watu wakacheka, tukaenda kunywa chai. Mbio zile zilinipatia nafuu ya karo, na bila nafuu hiyo nisingekuwa chuoni leo.

Nilichosema kilikuwa kweli. Mvua haina kosa. Lakini saa ilishikwa na mtu, na majina yaliandikwa na mtu, na sote tulikuwa tumeliona lile tope.

Mpinzani ataniuliza: tukianza kufidia bahati, tutaishia wapi? Philip Boit wa Eldoret, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya Majira ya Baridi, hakuwa ameona theluji hadi 1996. Huko Nagano, Japani, mwaka 1998, alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, kwa dakika 47 na ushei. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alitumia 27. Hakuna aliyempunguzia Boit dakika kwa kuzaliwa penye jua. Nami sidhani alistahili kupunguziwa. Mbio zile zilitaka kujua nani ana kasi zaidi kwenye theluji, zikajibu. Zetu zilitaka kujua nani ana kasi kati yangu na rafiki yangu, zikajibu nani alikimbia kabla ya mvua. Hapo ndipo ninapouweka mpaka, ingawa najua ni mpaka mwembamba, na sisi wa Busia tunajua jinsi mipaka inavyovukwa.

Dæhlie, kwa kweli, alisubiri kwenye mstari wa mwisho hadi Boit alipofika, akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimeshaingia bwalo.

Rafiki yangu sasa anaendesha bodaboda mjini Busia. Nikija likizo hunibeba hadi nyumbani na kukataa nauli, akiwaambia wenzake kwamba mimi ndiye bingwa wao. Mara mbili nimejaribu kulitaja lile tope. Mara zote mbili ameniuliza habari za chuo.