Kiti cha Mgeni Rasmi

Kiongozi anapoketi hemani kwenye Maonyesho ya Kilimo ya Kitale, au kwenye sherehe ya kuzindua mpango wa mji, ni nani hasa anayekirimiwa? Katiba ya Kenya ya 2010 inatupa mwanga: ibara ya 73 inayaita mamlaka yake amana ya umma, na ya 76 yasema zawadi apewayo kwenye hafla rasmi ni ya Jamhuri. Basi hata soda baridi anainywa kwa niaba ya mwananchi aliyesimama juani.

Wapo watakaosema asipohudhuria hatawajua wasanifu na mafundi wa mpango wa mji. Kweli, ahudhurie, lakini apite vibandani, aulize mtaro utaelekea wapi na mama mboga atauzia wapi. Akiondoka bila kuuliza, amekula amana.